Maongezi ya mtaa tuyaweke wapi? WhatsApp, Facebook, Telegram, X na JamiiForums kwa wanaofungua kundi Dodoma

Mitaa mipya ya Dodoma, iwe Nzuguni, Iyumbu, Ntyuka au Ihumwa, huanza kuwa na grupu kabla haijawa na barabara. Watu wamepata viwanja, hawajuani. Mmoja katoka Mbeya, mwingine Bukoba, mwingine ni mwenyeji ambaye baba yake alilima uwele palepale iliposimama nyumba ya jirani. Grupu ndilo linawakutanisha. Humo hupita habari za maji, za nguzo za umeme, za mlinzi wa usiku na za mipaka ya viwanja. Haupiti muda, ugomvi nao unaingia: fulani kafutiwa ujumbe, fulani katolewa, na mtu anaandika kwa herufi kubwa kwamba uhuru wa kujieleza ni haki yake ya kikatiba.

Nimesimamia makundi ya namna hii kwa miaka, na swali ninaloulizwa zaidi ni hili: tuhamie wapi kwenye uhuru zaidi? Mimi naona swali hilo linawapeleka watu kombo. Jukwaa lisilofuta chochote halipo. La kuuliza ni nani anafuta, utajuaje kwamba amefuta, na ukiona umeonewa utamlilia nani, kwa lugha gani. Kwa mambo hayo matatu majukwaa yanapishana sana, na ndiyo nitakayoyatumia kupima hapa.

Mikono mitatu juu ya ujumbe mmoja

Ibara ya 18 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kuyaeleza, haki ya kutafuta na kupokea habari, na uhuru wa kuwasiliana bila kuingiliwa. Ibara ya 30 inaweka mipaka: haki za wengine, usalama, maslahi ya umma. Mjadala wa kwenye grupu huanzia hapo, na mara nyingi hukwama hapohapo, kwa sababu mengi ya majukwaa tunayotumia hayakukulia chini ya Katiba yetu. Yamekulia chini ya sheria za Marekani. Kule, nyongeza ya kwanza ya katiba yao, ya mwaka 1791, inaibana serikali isimzuie mtu kusema. Kampuni binafsi haimo. Kifungu cha 230 cha sheria yao ya mwaka 1996 kikaongeza kinga mbili: kampuni haibebeshwi kesi kwa yale watumiaji wanayoandika, wala kwa kuondoa kwa nia njema yale inayoona hayafai. Julai 2024, katika kesi ya Moody dhidi ya NetChoice, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kwamba kuchagua kipi kionekane na kipi kisionekane nako ni kujieleza kwa kampuni yenyewe. Ukibofya "nakubali", umeingia nyumba ya watu.

Katiba yetu ina mlango mpana kidogo. Ibara ya 30(3) inamruhusu anayeona haki yake imevunjwa na mtu yeyote ndani ya Jamhuri ya Muungano afungue shauri Mahakama Kuu. Ni mlango wa kweli na nafurahi kwamba upo. Ila aliyetolewa kwenye grupu kwa ugomvi wa taka hatapanda Mahakama Kuu. Anahitaji mtu wa kumsikiliza kesho asubuhi.

Ukiacha mkono wa admini na wa kampuni, mkono wa tatu ni wa dola. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inamwadhibu anayechapisha habari akijua ni za uongo kwa nia ya kuchafua, kutishia, kutukana au kupotosha umma: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilianza 2018, zikaandikwa upya 2020 na kurekebishwa 2022, zikiwabana zaidi wenye leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi.

Kwa hiyo juu ya ujumbe wako mmoja kuna admini, kuna kampuni, kuna dola. Unapochagua jukwaa, unachagua ni mkono upi utakugusa kwanza.

WhatsApp: admini ndiye karibu kila kitu

Tangu 2016 ujumbe wa WhatsApp husimbwa kutoka simu ya mtumaji hadi ya mpokeaji, kiasi kwamba kampuni yenyewe haiusomi. Inaweza kuona jina la kundi na picha yake, na inaona kile ambacho mwanakundi amekiripoti. Ripoti hubeba jumbe 5 za mwisho. Basi uzushi ukiingia saa nne usiku kwamba kuna genge linakata watu mapanga barabara ya Singida, usisubiri mtu wa California aje kuuondoa. Ni admini, au hakuna.

Tangu 2022 admini anaweza kufuta ujumbe wa mwanakundi yeyote, na hapa kuna jambo naliona kubwa kuliko watu wanavyolichukulia: kufuta kunaacha alama. Pale ujumbe ulipokuwa panabaki maandishi kwamba umefutwa na admini, jina lake likionekana kwa wote. Hawezi kujificha. Akifuta malalamiko ya watu wa upande mmoja tu, baada ya wiki kadhaa kundi zima litaona jina lilelile kwenye alama zilezile, na mtu atauliza. Majukwaa makubwa yenye ofisi za maghorofa hayampi mtumiaji wa kawaida uwazi huo.

WhatsApp imesaidia pia kwenye uzushi bila kumziba mtu mdomo. Tangu Januari 2019 ujumbe unaweza kusambazwa kwa watu au makundi 5 tu kwa mara moja, na tangu Aprili 2020 ule uliokwisha kusambazwa mno, wenye vishale viwili, unakwenda sehemu moja tu. Anayetaka kusema bado anasema. Kinachopungua ni kasi ya kulisha mji mzima kitu ambacho hakuna anayejua kimetoka wapi. Kwangu mimi huo ni usimamizi mzuri kuliko kufuta.

Mapungufu yake yapo, na mengine ni mazito. La kwanza ni namba. Kila mwanakundi anaona namba ya kila mwanakundi. Dada anauliza hadharani kwa nini taa za mtaa hazijawekwa, na usiku anaanza kupokea "mambo mrembo" kutoka kwa wanaume asiowajua. Mara ya pili haulizi tena. Hakuna aliyemfuta, lakini ameshanyamazishwa, na admini anayejisifu kwamba grupu lake lina uhuru hana habari. Ukiwa na grupu la WhatsApp, kanuni ya kwanza kabisa iwe kwamba kumfuata mtu faragha bila ruhusa ni kosa la kutolewa, na itekelezwe.

La pili ni mwanzilishi. Aliyefungua kundi hawezi kuondolewa na maadmini wengine. Dodoma ni mji wa watumishi wa umma: aliyefungua grupu lenu mwaka juzi leo kahamishiwa Kigoma, hajui hata kama kisima kimechimbwa, lakini bado ndiye asiyetikisika. Basi afungue mtu ambaye ana nyumba hapo na ana mpango wa kuzeekea hapo.

La tatu, kundi hukomea watu 1,024, na anayeingia leo kwa kawaida haoni yaliyoandikwa jana. Makubaliano ya kulipa mlinzi yaliyopitishwa mwezi uliopita kwake hayapo. Atayapinga upya, na atakuwa na haki.

Facebook: kanuni nzuri, mwamuzi wa mbali

Kundi la Facebook linamfaa anayetaka watu wa Makole, Kikuyu, Miyuji na Mtumba wakutane mahali pamoja. Namba haionekani, kanuni zinabandikwa juu, posti inaweza kusubiri kibali, maneno fulani yanaweza kuzuiwa yenyewe, na mjadala wa mwaka jana unatafutika. Kwa vifaa vya admini, inaizidi WhatsApp kwa mbali.

Ila admini wa Facebook si wa mwisho. Juu yake kuna viwango vya kampuni, na inayovitekeleza kwa sehemu kubwa ni mashine. Posti ambayo kundi zima limeipitisha inaweza kuondolewa, au kundi lenyewe likafungwa. Unaweza kuomba ikaguliwe upya. Ikishindikana, unaweza kupeleka shauri kwenye Bodi ya Usimamizi iliyoanza kupokea kesi Oktoba 2020, ambayo Maina Kiai wa Kenya alikuwa miongoni mwa wajumbe wake wa mwanzo. Bodi ina meno: katika maamuzi yake 5 ya kwanza, Januari 2021, ilipindua 4 ya kampuni. Lakini huchagua kesi chache mno kati ya zinazofika. Mkulima wa zabibu wa Hombolo ambaye posti yake ya bei imechukuliwa kuwa utapeli asiweke matumaini huko.

Wa Ulaya wana nafuu zaidi. Sheria yao ya huduma za kidijitali, inayotumika kikamilifu tangu 17 Februari 2024, inalilazimu jukwaa kumpa mtumiaji sababu ya kuondolewa kwa alichoandika. Sisi tunatumia programu ileile, bila haki ileile.

Na Kiswahili chetu kinahukumiwa na nani? Kwa miaka kadhaa kazi hiyo kwa Facebook ilifanyika Nairobi, kupitia kampuni ya Sama. Mwaka 2022 Daniel Motaung, aliyekuwa mmoja wa wachujaji hao, aliishtaki Meta, kampuni yenye Facebook, pamoja na Sama kwa mazingira ya kazi, kisha wenzake zaidi ya 180 wakafungua shauri lao mwaka 2023. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ilikubali kwamba Meta inaweza kushtakiwa nchini humo. Nalisema hili kwa sababu tunapolaumu kwamba posti chafu imebaki, au nzuri imeondolewa, tukumbuke kuna kijana aliyekaa siku nzima akitazama video za watu wanauawa ili sisi tusizione. Malipo na afya yake ni sehemu ya ubora wa uamuzi anaotoa.

Januari 2025 Meta ilitangaza kuachana na wahakiki wa nje nchini Marekani na kulegeza kanuni zake juu ya lugha ya chuki. Wako watu walioshangilia. Kwa kundi la mtaa maana yake ni moja: admini ana kazi zaidi.

Telegram: nafasi kubwa, alama hakuna

Kundi la Telegram linachukua hadi watu 200,000, na chaneli haina kikomo. Unaweza kutumia jina bila namba yako kuonekana, jambo linalomfaa yule dada wa taa. Mgeni anaweza kusoma ya nyuma. Kuna programu zinazojiendesha zenyewe (bot) za kufukuza matapeli, na kuna mpangilio wa kumtaka kila mtu asubiri kidogo kabla ya kuandika tena, ambao hupoza hasira bila kumfuta mtu.

Kinachonikwaza ni kwamba admini akifuta, ujumbe unatoweka bila alama. Maadmini wenyewe wanaona kumbukumbu ya matendo yao kwa saa 48, wanakundi hawaoni kitu. Kundi la watu 3,000 linaweza kuchujwa upande mmoja kwa mwezi mzima, watu wakadhani kila mtu anakubaliana.

Wengi pia huamini kwamba Telegram ni ya siri kuliko WhatsApp. Kwa makundi, ni kinyume: maongezi ya kundi hukaa kwenye seva za kampuni na hayasimbwi mwisho hadi mwisho. Mwanzilishi wake, Pavel Durov, alikamatwa Ufaransa Agosti 2024, na mwezi uliofuata kampuni ikasema itatoa namba za simu na anwani za intaneti za wavunjaji wa kanuni kwa mamlaka zenye maombi halali ya kisheria. Anayehamia huko kwa sababu ya siri, atafute sababu nyingine. Kwa matangazo ya watu wengi, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kwa mfano, chaneli yake ni nzuri sana.

X na JamiiForums

X, iliyokuwa Twitter, sitakaa nayo sana. Ilikuwa mahali pa kumbana mkubwa hadharani, na ile njia yake ya watumiaji kuongeza maelezo chini ya posti inayopotosha naipenda, kwa kuwa hujibu neno kwa neno. Lakini Elon Musk alipoinunua Oktoba 2022, ofisi yake ya Afrika iliyokuwa Accra ilifungwa ndani ya wiki chache, na hapa kwetu ilizuiwa Mei 2025. Anayeingia kwa VPN, yaani programu ya kupita kizuizi, anakutana na agizo la TCRA la mwaka 2023 la kusajili matumizi ya VPN. Mtaa haujengwi juu ya kitu ambacho nusu ya watu hawawezi kukifungua na nusu nyingine wanakifungua kwa wasiwasi.

JamiiForums inastahili kuangaliwa kwa utulivu zaidi. Ipo tangu 2006, mtu huandika kwa jina la bandia, na wanaochuja ni watu wanaojua Kiswahili cha mtaani, cha Bungeni na cha vijiweni. Mashine haiwezi kushindana nao. Ndiyo maana mtumishi aliyeona ankara ya ajabu ofisini huiamini kuliko grupu la jirani. Mwasisi wake, Maxence Melo, alikamatwa Desemba 2016, na mashtaka yake mengi yalitokana na kukataa kutoa taarifa za watumiaji. Aprili 2020 mahakama ya Kisutu ilimtia hatiani kwa kuzuia upelelezi. Naheshimu sana mtu aliyesimama mahakamani miaka mitatu na zaidi kwa ajili ya majina ya watu asiowafahamu.

Na hapo ndipo ilipo gharama ya ukaribu. Kampuni ya mbali haikuelewi, lakini dola nayo huifikia kwa shida. Jukwaa la nyumbani linakuelewa, na mlango wake unajulikana. JamiiForums ilisimama Juni 2018 kwa sababu ya masharti mapya ya leseni, na Septemba 2025 TCRA ikasimamisha leseni yake kwa siku 90. Ukiichagua, chagua kwa ajili ya jambo linalohitaji kujulikana na taifa. Ratiba ya gari la taka isikae huko.

Utani, na mashine isiyomjua mtani

Kuna kipimo kimoja ambacho kwa watu wa Tanzania ya kati kinazidi vyote, nacho ni utani.

Chukua sentensi hii: "Wagogo mmeanza tena kuombaomba." Akiiandika mzee ambaye ni mtani wa watu wa hapa, aliyezikana nao, aliyekuja msibani akajifanya kugombea jeneza, kundi litacheka na mtu atamjibu vibaya zaidi. Akiiandika mtu aliyehamia juzi, chini ya ujumbe wa mama anayeomba msaada wa nauli ya kumpeleka mtoto Hospitali ya Benjamin Mkapa, ni tusi linalouma kwa sababu limebeba dharau ya miaka mingi juu ya watu wa mkoa huu, dharau iliyozaliwa na ukame na njaa ambazo hakuna Mgogo aliyeziomba. Herufi ni zilezile. Mashine ya kampuni ina njia mbili: kuziondoa zote au kuziacha zote, na zote mbili ni makosa.

Vivyo hivyo kwa mpira. "Jumamosi tunawachinja" kabla ya mechi ya Dodoma Jiji haina kisu ndani yake. Maneno hayohayo yakielekezwa kwa wafugaji, wiki ambayo ng'ombe wameingia mashambani Kongwa au Kiteto, ni ujumbe wa kupigia simu polisi.

Ndiyo maana, kwa maongezi ya majirani, nampendelea mwamuzi anayejua nani ni mtani wa nani. Atakosea, lakini utamkuta Soko la Majengo, utamsalimia, utamwambia "mzee, ulinionea juzi", naye itabidi akujibu usoni.

Grupu la mwenyekiti wa mtaa ni kitu kingine

Grupu la majirani ni la watu binafsi. Wana haki ya kuweka kanuni zao, hata kukataza siasa kabisa. Lakini makundi mengi huanzishwa na mwenyekiti wa mtaa au mtendaji, na humo hutangazwa mkutano wa mtaa, zoezi la vitambulisho, mikopo ya vikundi vya halmashauri, tarehe ya wapimaji kuja. Mtu akitolewa humo kwa sababu amemuuliza mwenyekiti hesabu za michango, amenyimwa taarifa za serikali yake kwa kosa la kuuliza.

Marekani swali hili lilifika Mahakama ya Juu. James Freed, meneja wa mji wa Port Huron, Michigan, alifuta maoni ya mwananchi aitwaye Lindke kwenye ukurasa wake wa Facebook na kumzuia. Machi 2024 mahakama ilisema kufuta huko kunahesabika kuwa tendo la serikali pale afisa anapokuwa na mamlaka halisi ya kuisemea serikali na anayatumia mamlaka hayo katika posti husika. Kipimo hicho si sheria kwetu, lakini ni kipimo kinachoeleweka, na ningependa kila mwenyekiti wa Dodoma akitumie kwa hiari yake: matangazo ya ofisi yawe kwenye kundi au chaneli ambayo hakuna anayetolewa, anaandika ofisi tu, mabishano yawe kwenye kundi jingine. WhatsApp inaruhusu mpangilio huo bila gharama. Mwenyekiti anayechanganya vyote viwili huishia kuwa mwamuzi wa kesi inayomhusu.

Kufuta neno, kubakiza lalamiko

Dodoma hakuna mada inayopandisha joto kama ardhi. CDA, mamlaka iliyokuwa ikipanga mji na kugawa viwanja, ilivunjwa Mei 2017, kazi zake zikaenda halmashauri, na migogoro mingine ya viwanja ina miaka mingi kuliko nyumba zilizo juu yake. Basi ujumbe wa aina hii huingia, pamoja na picha ya mtu akiwa kwenye harusi ya ndugu yake:

"Huyu ndiye MWIZI wetu wa viwanja. Kauza kiwanja changu mara mbili. Sambazeni hadi kwao."

Admini mwoga anafuta na kunyamaza. Admini wa "uhuru kamili" anaacha. Wa kwanza amemnyima mtu sauti juu ya mali yake. Wa pili ameruhusu mtu aitwe mwizi kabla hajasikilizwa, familia yake ikiwa kwenye picha, na amemwacha mlalamikaji mwenyewe ajiweke kwenye hatari ya kesi ya kashfa. Njia ninayoitumia ni kufuta, kisha kumpigia simu mwandishi papo hapo na kumwomba aandike upya hivi:

"Kiwanja changu kitalu fulani, namba fulani, nilikilipia mwaka fulani, risiti ninayo. Mwezi uliopita nimekuta mtu mwingine anajenga, naye ana karatasi. Nimeshaandika barua ofisi ya ardhi, sijajibiwa. Kuna mwingine yamemkuta?"

Ujumbe wa pili una nguvu zaidi. Wa kwanza ulileta hasira, wa pili huleta majirani wengine wenye risiti, na hapo mnakwenda ofisini mkiwa wengi. WhatsApp inakubali kazi hii kwa sababu alama inabaki na namba unayo. Facebook inakubali pia, unaweza kumrudishia posti na maelezo. Kwenye X na Telegram ya watu wasiojuana utabaki na kufuta au kuacha.

Ningechagua nini

Mtaa wa kaya mia mbili hadi mia tatu: WhatsApp, maadmini watatu wasio wa ukoo mmoja wala chama kimoja, angalau mmoja mwanamke, na angalau mmoja mwenyeji wa zamani. Kanuni zisizidi tano, ziandikwe kwenye maelezo ya kundi. Anayefutiwa aambiwe kanuni ipi amevunja. Anayetolewa awe na mtu wa kumkatia rufaa ambaye si admini. Kwa mitaa mingi mzee wa kanisa au wa msikiti, au mwalimu mstaafu, anatosha. Kutolewa kuwe na kikomo, siku saba au mwezi, na kurudi kuwe haki.

Jambo la kata nzima au mji mzima, Facebook, pamoja na mtu wa kunakili posti muhimu pembeni kila wiki, kwa sababu kundi linaweza kufungwa usiku mmoja. Wanafunzi na vyama vya watu elfu na kuendelea, chaneli ya Telegram kwa matangazo na makundi madogo ya WhatsApp kwa kujadiliana. Mwenye ushahidi wa ubadhirifu na kazi ya kupoteza, JamiiForums ikiwa hewani, na asitumie kifaa cha ofisi. TikTok na Instagram ni za kuonyesha. Maamuzi ya mtaa msiyapeleke huko.

Na chochote mtakachochagua, wekeni orodha ya namba kwenye daftari na mpango wa SMS. Siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na ulinganisho wote huu haukuwa na maana kwa muda huo. Wenye kitochi, ambao katika mitaa ya pembeni bado ni wengi, hali hiyo ndiyo yao ya kila siku. Tangazo la mkutano libandikwe pia kwenye ubao wa ofisi ya mtaa na dukani, siku ileile linapoingia kwenye grupu.